Mahindi Tunakagua, Msimbo Je?

Wasee, leo naongea na wale wa kuandika programu, hasa nyinyi mnaojifunzia kwa simu na kwa saiba kama mimi huku Bokoli. Kuna tabia moja lazima tuiache: unafungua laptopu, na kabla hujaangalia chochote, unapiga `git pull`.

Najua utasema ndivyo ulivyofunzwa. Hata mimi. Hapo ndipo shida ilianzia.

`git pull` si amri moja, ni mbili zimefungwa pamoja. Ya kwanza ni `git fetch`: inaenda kwa seva, inaleta mabadiliko ya wenzako na kuyaweka kando. Kazi yako haiguswi. Ya pili kwa kawaida ni `git merge`: inachanganya ya kwao na yako. Kuleta na kuchanganya ni vitu viwili tofauti kabisa.

Lori likikuletea mahindi kutoka Kitale, huyamwagi moja kwa moja ghalani. Magunia yanashushwa uani. Unafungua, unashika, unapima unyevu. Ukizidi asilimia 13.5, yanaanikwa kwanza. Changanya mabichi na makavu uone kuvu itakavyotembea, na sumukuvu haiulizi gunia lilikuwa la nani. Kila mtoto wa huku anajua hiyo. Sasa mbona msimbo tunamwaga tu?

Nilijifunza kwa aibu. Tulikuwa wanne, wawili Bokoli, mmoja Bungoma, mmoja Kitale, tukitengenezea kikundi cha wakulima mfumo wa kurekodi magunia na malipo. Usiku wa kuamkia siku ya kuwaonyesha, nikapiga `git pull`. Git ikakataa, ikaniambia matawi yametofautiana, nichague njia. Tangu toleo la 2.33 la mwaka 2021 iko hivyo: pande mbili zikitengana na hujaiambia ufanyeje, inasimama. Mimi nikanakili amri ya kwanza niliyoipata mtandaoni. Migongano ikajaa skrini. Nikachagua upande wangu kila mahali, nikatuma, nikalala.

Kumbe msichana wa Kitale alikuwa amerekebisha hesabu ya makato kwa siku tatu. Nilimfuta bila kumsoma. Kesho yake mzee mmoja akaangalia jina lake, akatulia, akauliza, "Mwanangu, hizi pesa zangu zingine zimeenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Kazi ya msichana tuliipata, kwa sababu Git huhifadhi historia. Imani ya yule mzee haina historia ya kurudia.

Sasa mtaniambia, "Bro, fetch ni kupoteza muda na bando." Si kweli. Kinachokula bando ni kuleta, na `pull` inaleta vilevile. Kuangalia na kuchanganya kunafanyika ndani ya laptopu, bila mtandao. Kwa hivyo hii njia imetufaa sisi kuliko mtu yeyote: piga `git fetch` pale saiba, funga, enda nyumbani. Usiku andika `git log HEAD..origin/main`, uone nani ameleta nini. Andika `git diff HEAD...origin/main`, usome mistari yenyewe. Ukiridhika, `git merge origin/main`. Ukikwama katikati, `git merge --abort` inakurudisha ulikotoka, mradi ulihifadhi kazi yako kabla ya kuanza. Huna haja ya kupanik.

Wengine watasema wanafanya kazi peke yao. Sawa, puli. Lakini weka `git pull --ff-only`, ndiyo isichanganye kitu bila idhini yako. Siku utakapoajiriwa hautakuwa peke yako.

Linus Torvalds alianzisha Git mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, mradi wa watu wengi ambao hawajawahi kuonana. Na si mambo ya mbali. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004, una mizizi kwa kazi ya AMPATH pale Eldoret, na msimbo wake uko wazi GitHub. Ndoto yangu ni siku moja mtu wa Bokoli achangie pale. Lakini pale mstari mmoja ni rekodi ya mgonjwa. Utachanganya bila kusoma huko pia?

Kwa hivyo nyinyi mnaofunza wadogo wetu, acheni kuanza na `pull`. Anzeni na `fetch`. Mfunze mtu kusoma kazi ya mwenzake kabla ya kuichanganya na yake. Hiyo si mbinu ya kompyuta tu, ni heshima.

Mimi nishasema. Kama unabisha, njoo tubishane, lakini kwanza nisome.