UKIWA MBELE, KAZI NI ILEILE (Afya ya akili, sehemu ya 6)

Leo tuongelee shida ambayo wengi hawaihesabu kama shida: kuongoza. Ukiwa nyuma kila mtu anakutia moyo. Ukiwa mbele unabaki na hofu yako mwenyewe.

Chukua tenisi, fainali ya wanawake ya Wimbledon mwaka 1993. Jana Novotna anamwongoza Steffi Graf gemu 4-1, seti ya mwisho. Anahitaji pointi moja tu awe na 5-1. Akakosa mipira yote miwili ya kuanzisha. Toka hapo hakupata gemu tena, Graf akabeba tano mfululizo, 6-4.

Jamani, mkono si ulikuwa uleule? Mtu akishikwa na hofu ya kupoteza, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza. Huo ni mwili tu, wala sio uoga wa kuzaliwa. Novotna huyohuyo alibeba Wimbledon mwaka 1998.

Ndiyo maana sikubaliani na kelele za pembeni ya uwanja: "Mnaongoza, lindeni!" Ukianza kulinda, umeacha kufanya kile kilichokuweka mbele.

Mwangalie jirani yetu wa Karatu, Filbert Bayi. Christchurch, Februari 2, 1974, mita 1500. Alitangulia tangu mwanzo, dunia nzima ikiwa mgongoni kwake. Mwishoni John Walker akamsogelea kabisa, lakini Bayi hakuachia. 3:32.16, rekodi ya dunia! Walker alikuja chini ya nusu sekunde nyuma yake. Yaani Bayi angelegea kidogo tu, leo tungesimulia habari nyingine.

Sasa wewe unayecheza, ukiongoza fanya hivi:
1. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta. Moyo utatulia.
2. Usipige hesabu ya ushindi. Fikiria mpira unaofuata tu.
3. Usibadilishe kilichokufikisha hapo.

Na hili halipo uwanjani tu. Wodini naliona kila mara. Mgonjwa wa TB anatumia dawa wiki kadhaa, kikohozi kinakata, anaanza kula vizuri, mwili unarudi. Anasema, "Sista, mimi nimepona," halafu haonekani tena kliniki. Ndugu yangu, hapo unaongoza tu, mechi haijaisha! Dozi ya kawaida ni miezi 6. Ukiacha katikati, vijidudu vilivyobaki vinaweza kurudi vikiwa sugu, na safari hiyo tiba inakuwa ngumu zaidi, kwako na kwa unaolala nao nyumba moja.

Wa presha hivyohivyo. Kipimo kikisoma vizuri, mara nyingi ni kwa sababu unameza dawa. Usiache bila kuongea na daktari.

Kama nyumbani kwako kuna mtu "aliyepona" kabla dozi haijaisha, kesho mrudishe kliniki. Hatutamgombeza.