Mwanafunzi Hewa Yuko Kwa Mfumo, Mtoi wa Ziwa la Ng'ombe Hayuko

Wasee, leo udaku wa mastaa ukae kando kidogo, tuongee doh ya shule. Na tuanze na hesabu.

Chukua shule yoyote ya msingi ya serikali ukishavuka daraja la Nyali, iwe Ziwa la Ng'ombe, Bombolulu ama Mshomoroni. Tuseme tu, kwa mfano, ina watoi 1,000 madarasani. Wako hapo, unawaona, wanasukumana kwa mfereji wakati wa mapumziko. Lakini ukifungua mfumo wa serikali unapata 900. Mgao wa serikali kwa mtoto wa msingi ni Sh1,420 kwa mwaka. Hao mia hawaonekani, so shule inakosa Sh142,000. Kama ni watoi wa junia, Gredi 7 hadi 9, ambako mgao ni Sh15,042 kwa kichwa, hapo imeyeyuka milioni moja na nusu. Chaki haziongezwi na vitabu haviongezwi. Ile ya 900 inatandazwa ifunike 1,000, kama shuka fupi.

Sasa geuza. Shule ingine mahali pengine Kenya ina watoi 700 na mfumo unasema 800. Hao mia wa ziada hawali, hawachafui choo, hawaombi kalamu, lakini mgao wao unaingia. Hao ndio wanafunzi hewa. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu iliamua hakuna shule inapata mgao kabla idadi yake kuthibitishwa, na Katibu wa Elimu ya Msingi Julius Bitok akatangaza kwamba hesabu za mwanzo zilikuwa zimefichua makumi ya maelfu ya hewa. Nchi nzima ikakasirika, na ilikuwa na haki.

Lakini cheki, kelele zote zilienda kwa hewa. Yule mtoi ambaye yuko kwa deski na hayuko kwa mfumo, hakuna aliyemwitia mkutano na wanahabari. Na mimi nasema hao wawili ni ndugu. Wamezaliwa na kitu kimoja: data ya shule zetu haina mwenyewe. Wataalamu wanaita hiyo shida ukosefu wa usimamizi wa data. Jina linaboesha, najua. Kwa lugha ya mtaa ni maswali manne tu: nani anaandika, nani anaona, nani anarekebisha, na ikiharibika nani anashikwa.

Turudi nyuma kidogo. NEMIS, ule mfumo wa kusajili wanafunzi, ulizinduliwa 2017, na mwaka uliofuata ukatumika kupeleka watoto Kidato cha Kwanza. Idea haikuwa mbaya. Kila mtoi apewe namba yake, afuatwe kutoka shule hadi shule, pesa imfuate. Lakini mlango wa kuingilia uliwekwa kitu kimoja: cheti cha kuzaliwa. Bila namba ya cheti, hakuna namba ya mwanafunzi. Bila namba ya mwanafunzi, hakuna mgao.

Mtu aliyeketi Jogoo House, Nairobi, aliona ni kitu kidogo. Si kila mtoto huzaliwa na cheti? Manze, njoo Pwani. Kuna mtoi amezaliwa nyumbani na mkunga, baba yuko baharini, mama akamlea hadi darasa la tatu ndipo akaulizwa karatasi. Sheria inasema ukipitisha miezi sita bila kusajili, huo ni usajili wa kuchelewa, na usajili wa kuchelewa ni safari: naibu wa chifu, barua, kitambulisho cha mzazi, rudi wiki ijayo. Ada yenyewe haimuui mtu. Kinachomuua mama mwenye kibanda cha viazi karai ni zile siku tatu za kufunga kibanda.

Na huyo ana kitambulisho. Wapemba, ambao wamekaa Kilifi, Kwale na Mombasa hii miaka yote wakivua samaki tunaokula, walitambuliwa rasmi kama kabila la Kenya mwaka 2023 tu. Wamakonde wao ilibidi watembee kutoka Kwale hadi Nairobi 2016 ndipo wakasikizwa. Kabla ya hapo, mzazi hana kitambulisho, cheti cha mtoto atakitoa wapi? Mtoto wa mzazi kama huyo alikuwa anaingia darasani kwa huruma ya mwalimu mkuu. Huruma haina safu yake kwenye mfumo.

Sasa fikiria uko kwa viatu vya hedimasta. Una watoto wasio na namba, na pesa inahesabiwa kwa namba. Wizara inakwambia usifukuze mtoto. Sawa, hujafukuza. Halafu hakuna mtu anakulipa. Unafikiri kila mtu atabaki mwaminifu? Kuna mwenye atakula hasara kimya kimya. Na kuna mwenye ataacha majina ya waliohama mwaka juzi yakae tu pale, "yafidie". Sisemi ni sawa, si sawa kabisa, na wengine walijaza majina ya uongo ju ya tamaa na hiyo ni wizi, nukta. Lakini mfumo wa kulipa kwa kichwa, unaojazwa na huyo huyo anayelipwa, bila mtu wa pili wa kuthibitisha kila muhula, ulitegemea nini? Ni kama kumpa makanga akusanye nauli, aandike hesabu, na ajikague mwenyewe jioni.

Halafu angalia ni ofisi ngapi zinamshika huyu mtoi mmoja wa Ziwa la Ng'ombe. Akiwa chekechea, yuko chini ya Kaunti ya Mombasa, Katiba ndiyo inasema hivyo. Akiingia Gredi 1 anahamia serikali kuu. Mwalimu wake yuko chini ya TSC. Mitihani yake iko kwa KNEC, ambayo ina tovuti yake na namba zake. Cheti chake kiko kwa idara ya usajili wa raia. Herufi moja ikikosewa kwa jina lake, Mwanajuma akawa Mwanaisha, atazungushwa kama tenga la nyanya pale Kongowea. Shule inasema ni usajili. Usajili wanasema ni shule. KNEC inasema tulipewa hivyo.

Na makosa hayaishi kwa karatasi. Mnakumbuka matokeo ya KCPE ya mwisho, Novemba 2023? Wazazi walituma SMS kwa 40054 wakarudishiwa alama zenye makosa, na KNEC ikaenda kujieleza mbele ya wabunge. Mtoto aliyepata alama zake akiwa na miaka kumi na tatu na zimekosewa, usiku ule hakuna afisa aliyekaa naye kitandani.

Hapo bado hatujafika kwa siri. Wacha niwape yangu.

Niko kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi ju ya mpwa wangu, mama yake yuko Ghuba kwa kazi. Shule sitaitaja. Siku moja usiku ikaangushwa PDF: orodha ya darasa zima. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, namba ya cheti, jina la mzazi, namba ya simu, na safu ya mwisho imeandikwa "yatima / mzazi mmoja / ulemavu". Yaani hadi mtoto wa nani hana baba, grupu nzima imejua. Nikamwandikia mwalimu pembeni: "Mwalimu, samahani, hii si ingetumwa kwa kila mzazi peke yake?" Akanijibu kwa upole: "Kaka yangu, mwisho ni kesho saa sita, na kompyuta ya shule imekufa. Niko saiba hapa nalipa na pesa yangu." Nikakosa la kusema. Saiba hiyo, kumbuka, mtu anaingia na paswadi ya shule kwenye mashine ambayo ukitoka anakalia mwingine.

Sheria ipo, na si mbaya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inasema data ya mtoto huigusi bila idhini ya mzazi ama mlezi, na lazima iwe kwa faida ya mtoto. Kanuni za 2021 zinataka taasisi za elimu zijisajili kwa Kamishna wa Data. Data ikivuja, anafaa kuarifiwa ndani ya saa 72. Na ofisi ya Kamishna Immaculate Kassait imewahi kuuma: Septemba 2023 iliipiga Roma School ya Uthiru faini ya Sh4.55 milioni kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ruhusa ya wazazi.

Roma ni shule ya kibinafsi. Piga shule ya umma faini kama hiyo uone, utakuwa umekata chaki ya watoto walewale unaosema unawalinda. Kwa hivyo kwa shule za serikali faini si jibu, na hapo ndipo ofisi za juu zinafaa kuamka. Wizara, TSC na KNEC ndizo zinaitisha hizi orodha kwa haraka ya kesho saa sita. Zikiitisha, ziseme zinataka nini, za nini, zitakaa wapi, na mwalimu atazituma kwa njia gani. Ile safu ya yatima, kwa mfano, ilikuwa ya nani? Nilimuuliza mwalimu, hata yeye hakujua. Fomu ilikuja hivyo.

Na msidhani ni umaskini tu unavujisha data. Desemba 2024 huko Marekani kampuni ya PowerSchool, ambayo inahifadhi rekodi za wanafunzi wa Marekani na Kanada, iliibiwa data ya mamilioni ya watoto na walimu. Mwizi hakuvunja ukuta wowote. Aliingia na paswadi iliyoibwa. Alikuwa kijana wa miaka 19. Mkoba wa mamilioni, kufuli moja. Sasa rudi ufikirie ile saiba.

Nasema haya yote sai ju mfumo mpya unakuja. Serikali ilitangaza 2025 kwamba KEMIS inachukua nafasi ya NEMIS, na hii inataka kumfuata mtoto kutoka chekechea hadi chuo kikuu, ikiunganishwa na Maisha Namba. Upande mmoja nashangilia. Ikifanya kazi, mtoto mmoja hawezi kuhesabiwa shule mbili, na hewa watapata shida kupumua. Upande wa pili, Maisha Namba ya mtoto inatoka wapi? Inatoka kwa usajili wa kuzaliwa. Ni mlango uleule, umepakwa rangi. Yule mtoi ambaye hakuonekana kwa NEMIS hataonekana kwa KEMIS, ila safari hii atakosekana kwa usahihi zaidi.

Na tumewahi kuona serikali ikikimbia mbele ya sheria ikaanguka. Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah wa Mahakama Kuu alisema uzinduzi wa Huduma Card haukuwa halali kwa sababu haikufanywa tathmini ya athari za data kwanza, kama kifungu cha 31 kinavyotaka. Mabilioni yalikuwa yashatumika. Kwa hivyo swali la kwanza kwa KEMIS si kama inafanya kazi kwa simu. Ni hiyo tathmini: imefanywa, na mzazi wa Bombolulu anaisoma wapi?

La pili, watoe mtoto kwa adhabu ya karatasi. Kama yuko darasani, afisa wa elimu wa kaunti ndogo amwone kwa macho, apewe namba ya muda, mgao uje, na usajili wa raia wapewe kazi ya kumfuata shuleni na cheti. Leo ni mama anayefuata ofisi. Wapeleke meza ya usajili kwa uwanja wa shule siku mbili kwa muhula, uone kama foleni haitafika barabarani. Hiyo safari ya afisa itafanya kazi mbili: atakayekosekana kwa deski ni hewa, atakayekosekana kwa orodha ni wetu.

Na wewe unayesoma hii kwa matatu, kama una mtoto, mdogo wako ama mpwa kwa shule ya serikali, una haki ambayo karibu hakuna anayeitumia. Kifungu cha 26 kinakuruhusu kuuliza wana nini juu ya mtoto na kutaka kosa lirekebishwe. Mzazi ama mlezi ndiye anadai kwa niaba yake. Nenda kwa adabu, "Shikamoo mwalimu, naomba kuona ukurasa wa mtoto wangu kwa mfumo." Angalia jina, tarehe, shule. Ukizungushwa, peleka lalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 kulimaliza.

Mimi nilienda. Mpwa wangu yuko kwa mfumo, jina sawa, ila tarehe ya kuzaliwa imemfanya mkubwa kwa mwaka mmoja. Nimeambiwa nirudi wiki ijayo. Ile PDF nayo nimeicheki asubuhi hii kabla kuandika. Bado iko kwa grupu, na grupu ina watu mia mbili na kitu, wengine watoto wao walishahama hiyo shule.