Mawese ya Gatete na maji ya Tanganyika: unafuu wa sheria una masharti yake

Katika zoni ya Gatete na vilima vingine vya tarafa ya Rumonge, mchikichi ndio unaolipa karo za watoto na kodi za nyumba. Ngazi hukatwa, huchemshwa katika mapipa, hukamuliwa, na mafuta husafirishwa hadi masoko ya Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3, inayofuata mwambao wa ziwa. Kinachobaki kwenye kinu ni maji ya kahawia, yenye joto, tope na mabaki ya mafuta. Yasipozuiwa, maji hayo hufuata mteremko hadi mtoni, na mto huyafikisha ziwani. Hapo ndipo linapozuka swali linalowahusu wenye vinu, wavuvi na serikali kwa pamoja: je, mwenye kinu anayepunguza uchafu kwa hiari yake astahili kulegezewa kanuni?

Swali hilo limepata uzito mpya tangu mwaka 2025, yalipoanza kutekelezwa mabadiliko ya utawala yaliyopitishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Mikoa ya Burundi imepungua kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Rumonge, iliyokuwa mkoa unaojitegemea tangu mwaka 2015, sasa ni tarafa katika mkoa mpya wa Burunga. Tarafa ikiwa kubwa, kila ofisi ina vinu vingi zaidi vya kutazama, na mkaguzi ana njia ndefu zaidi ya kwenda. Katika hali kama hiyo, wazo la kumwachia mwenye kinu ajirekebishe mwenyewe huvutia upesi. Lakini wazo hilo lina masharti yake, na bila masharti hayo huwa ni kufumba macho tu.

Sheria ipo, njia ya kuifuata ni nyembamba

Burundi haina upungufu wa maandishi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2000 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2021. Amri ya tarehe 7 Oktoba 2010 ilieleza utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi haujaanza. Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, inayojulikana kwa kifupi kama OBPE, ndiyo yenye jukumu la usimamizi. Juu ya hayo kuna Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mkataba huo unatambua kanuni mbili zinazohusu moja kwa moja jambo hili: kuzuia madhara kabla hayajatokea, na kwamba anayechafua ndiye anayelipa.

Tatizo liko katika ukubwa wa kiatu. Tathmini kamili ya mazingira, yenye wataalamu na vipimo vya maabara, inamfaa mwekezaji anayejenga kiwanda kikubwa. Mtu mwenye mapipa machache na mashine moja ya kukamulia hana uwezo wa kuigharimia. Akiambiwa atimize yote kwa siku moja au afunge, hubaki na njia mbili: kufunga na kuwaacha vibarua bila kazi, au kuendelea kimyakimya na kuomba mkaguzi asipite. Katika njia ya kwanza kipato hupotea, na katika ya pili ziwa huumia huku sheria ikibaki kabatini.

Kanuni nyumbufu hukusudia kufungua njia ya tatu. Mwenye kiwanda anayejitolea kupunguza uchafu kabla hajalazimishwa, au zaidi ya anavyolazimishwa, hupewa kitu badala yake. Huweza kuwa muda wa kujirekebisha hatua kwa hatua, kibali chenye utaratibu mwepesi, ukaguzi wa kawaida usio wa mara kwa mara, au nafuu ya kodi.

Uchafu ambao pia ni hasara

Maji yanayotoka kwenye ukamuaji wa mawese hayana sumu kali kama ya kemikali za viwandani, na ndiyo sababu wengi huyadharau. Hatari yake ni nyingine. Yamejaa mabaki ya mimea, na vijidudu vinavyoyaozesha hutumia oksijeni iliyomo majini. Wataalamu hupima mzigo huo kwa kiasi cha oksijeni kinachohitajika ili uchafu uoze. Katika viwanda vikubwa vya mawese duniani, maji ambayo hayajasafishwa huwa na takriban miligramu 25,000 kwa lita. Kwa kulinganisha, kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 huruhusu miligramu 30 tu kwa lita kwa maji yanayomwagwa katika mazingira. Kijito kidogo kikipokea maji hayo wakati wa kiangazi, samaki wachanga hukosa pumzi, na utando wa mafuta hukaa juu ya maji ambayo kina mama huteka kwa matumizi ya nyumbani.

Lakini mafuta yanayoelea mtaroni ni mafuta ambayo hayakuuzwa. Shimo la kutulizia maji, lenye vyumba viwili au vitatu, huyafanya mafuta yapande juu yakaenguliwa, na watengeneza sabuni huyanunua. Tope linalobaki chini, likichanganywa na mikungu iliyokwisha kunyonyolewa ngazi, huoza na kuwa mbolea ya kurudishwa shambani. Nyuzi na maganda makavu huwashwa chini ya mapipa badala ya kuni, na misitu hupata ahueni. Hatua hizi za mwanzo hazihitaji mtambo wa kigeni. Zinahitaji ardhi kidogo, saruji, kazi ya mikono na mtu wa kuonyesha namna. Kwa hiyo hiari ina mahali pa kuanzia, kwa kuwa hatua ya kwanza hurudisha sehemu ya gharama yake.

Hatua ya pili ndiyo ngumu. Maji yaliyoenguliwa mafuta bado ni machafu. Yanahitaji mabwawa ya kukaa kwa wiki kadhaa kabla ya kuachiliwa, na mabwawa hayo hayamwingizii mwenye kinu hata faranga moja. Hapo ndipo hiari peke yake hufika mwisho wa nguvu zake, na ndipo unafuu wa sheria unapaswa kutolewa kwa kipimo.

Walikojaribu

Mwaka 1995, Indonesia, nchi yenye michikichi mingi kuliko zote, ilianzisha mpango wa kuvipa viwanda rangi tano, kutoka dhahabu kwa walio bora hadi nyeusi kwa wabaya kabisa. Katika viwanda 187 vya kwanza kupimwa, ni takriban theluthi moja tu vilivyokuwa vikitii sheria. Serikali iliwataja kwanza waliofanya vizuri, ikawapa wengine miezi michache ya kujirekebisha kabla ya majina yao kutangazwa. Idadi ya waliotii ilipanda. Unafuu ulikuwapo, lakini ulikuwa na tarehe ya mwisho, na umma ulijua nani ni nani.

Nchini Marekani mambo yalikwenda vingine. Kuanzia mwaka 2000, shirika la serikali la mazingira liliwaandikisha wenye viwanda walioahidi kupunguza uchafu kuliko sheria inavyodai, likawapunguzia ukaguzi wa kawaida na kuwapa heshima ya uanachama. Mwaka 2007 mkaguzi wa ndani wa shirika hilo alieleza kwamba wengi wa wanachama aliowachunguza hawakuwa wametimiza ahadi zao zote. Mwaka 2009 mpango huo ulifungwa. Thawabu ilikuwa imetangulia, na kipimo kikafuata kwa kuchelewa.

Karibu zaidi na nyumbani, sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inafungua mlango wa nafuu ya kodi na ya ushuru wa forodha kwa wanaowekeza katika mitambo ya kuzuia uchafuzi. Somo linalotokana na nchi hizi tatu ni lile la wafanyabiashara wa mwambao: mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi ya kupunguza uchafu nayo, bila kipimo cha mwanzo na cha mwisho, hupotea vivyo hivyo.

Ziwa halina pa kutupia

Yapo maziwa yanayobadilisha maji yake kwa miaka michache. Tanganyika si miongoni mwao. Lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na mto mmoja tu, Lukuga, ndio unaoyatoa maji yake kuelekea bonde la Kongo. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi uchafu. Kinachoingia leo kutoka Rumonge kitakuwamo kwa vizazi vingi.

Tena, ziwa limesogea. Mafuriko ya mwaka 2021 na ya mwaka 2024 yalileta maji ndani ya makazi ya watu Rumonge. Mtaro uliokuwa mbali na ufuo umekaribia maji bila mwenye kinu kuhamisha hata tofali moja. Samaki aina ya mukeke, anayeliwa kotekote nchini, pamoja na ndagala, wanategemea tabaka la juu la maji lenye oksijeni, kwa kuwa kina cha chini hakina hewa. Mvuvi, ambaye hana kinu wala hajaalikwa kwenye mapatano yoyote, ndiye hulipa gharama ya unafuu uliotolewa vibaya.

Mapatano yanayoweza kufaa

Kwa vinu vya Gatete, unafuu wenye maana ungekuwa wa muda na wa njia, usiwe wa lengo. Mwenye kinu angeruhusiwa kuchagua namna ya kusafisha maji yake na kupewa misimu kadhaa ya kufika, lakini kiwango cha mwisho kibaki kilekile. Vinu vinavyopakana vingeweza kuchimba mabwawa ya pamoja na kuhesabiwa kama kituo kimoja mbele ya sheria, ili gharama ya tathmini igawanywe. Kipimo cha maji kingechukuliwa kabla ya mapatano kutiwa saini, kisha kila msimu wa mavuno, na matokeo yabandikwe ofisi ya zoni na kwenye mialo ya wavuvi. Anayevunja ahadi arudi chini ya sheria nzima, pamoja na faini zake.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina haki yake. Mtu aliyekwisha kutumia fedha zake kujenga mabwawa atauliza kwa nini jirani aliyechelewa ndiye anayepewa muda. Jibu la haki ni kuanza thawabu kwake: kibali cha muda mrefu zaidi, au kutangulizwa katika mikopo na mafunzo. Bila hivyo, unafuu utawafundisha watu kwamba anayesubiri ndiye anayefaidi.

Jambo la mwisho ni la lugha. Lugha rasmi za Burundi ni Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, na maandishi ya kitaalamu kuhusu mazingira aghalabu huandikwa kwa Kifaransa. Katika masoko na mialo ya Rumonge, biashara nyingi huzungumzwa kwa Kiswahili. Mapatano ya hiari yana nguvu pale tu mwenye kuyatia saini anapojua alichoahidi, na jirani yake anapoweza kusoma kama ahadi hiyo imetimizwa. Karatasi iliyoandikwa kwa Kirundi na Kiswahili ingemgharimu mtawala kidogo sana. Ingempa msaidizi ambaye hakuna ofisi inayoweza kumwajiri: mwanakijiji anayeteka maji kila asubuhi, na anayeujua mtaro wa kila kinu.