Kunyamaza Siyo Amani

Nyumbani nilifundishwa kwamba kijana mwenye adabu haongei mambo ya siasa wala ya dini mbele ya watu. Nilipokuja shuleni niliishika amri hiyo, mpaka usiku mmoja wa muhula huu.

Tulikuwa bwenini baada ya masomo ya usiku, tukizungumza juu ya sensa. Mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye ni Mwislamu, akauliza kwa nini Serikali haiulizi dini za watu. Sensa ya mwaka 1967 iliuliza; zile za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Mimi, Mkristo, nikamrukia: "Ninyi mwataka udini tu!" Akanyamaza, akajifunika shuka. Siku nne hatukusalimiana.

Siku ya tano nilimwendea, nikamwomba radhi, nikasema, "Sasa nieleze, sitakukatiza." Akaniambia kwamba babu yake hakusoma hata darasa moja, kwa sababu shule ya karibu ilikuwa ya misheni, na wazee wake walichelea asije akabatizwa. Pasipo kuhesabu, alisema, tutajuaje kama pengo lile limezibika? Kumbe hakutaka ugomvi. Alikuwa na kidonda cha kwao. Nami nikamweleza hofu yangu, kwamba hesabu ya dini yaweza kugeuka hesabu ya madaraka, kila upande ukidai fungu lake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Je, tulikubaliana? La. Mimi bado naona sensa isiulize dini, naye aona iulize. Lakini twasalimiana, tena kila mmoja ajua mwenziwe asema nini.

Katika historia tulisoma kwamba sheria ya elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule nyingi za mashirika ya dini mikononi mwa Serikali, ili watoto wa dini zote wasome pamoja. Niliyajua hayo kwa ajili ya mtihani, wala sikujua kuwa yanamhusu mtu alalaye juu yangu.

Wengine watasema mazungumzo ya namna hii huleta fitina, heri yaachwe. Siwalaumu, maana fitina ipo. Lakini mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walikataa kuhesabiwa kwa ajili ya swali hili hili. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa hiyo naona yafaa tuzungumze, ila kwa masharti mawili. Kwanza, tuulize kabla ya kujibu. Pili, tusimtwike mtu mmoja makosa ya dini yake nzima au ya chama chake. Walimu wetu na watuwekee mdahalo juu ya mambo haya; na wazazi wetu, tunapouliza, wasitujibu "nyamaza" tu.

Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo. Nami naahidi kuyasoma mpaka mwisho kabla sijajibu.