Ukungu wa Limuru Nao Utabiriwe

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya,
Dagoretti Corner, Nairobi.

KUH: TAARIFA YA UKUNGU KWA WASAFIRI WA BARABARA YA NAKURU

Mheshimiwa,

Julai iliyopita nilimchukua mama Kericho kumleta kwangu Karen, safari ya takriban kilomita 260. Tuling'oa nanga mvua ya mawe ikiwa ndiyo kwanza imekatika, majani chai yamechanika na kando ya barabara kumekuwa kweupe. Nakuru tukakuta jua. Gilgil vumbi, Naivasha upepo mkavu, mama akavua sweta. Tulipoanza kuupanda mlima wa Kinungi saa moja kasoro jioni, alilivaa tena bila kusema neno.

Soko Mjinga sikuliona. Nilijua tumefika kwa harufu ya mahindi ya kuchoma. Ukungu ulikuwa umelala juu ya lami, na kila nilipowasha taa kali mwanga ulinirudia machoni. Nikateremsha kioo ili nisikie nisichoweza kukiona. Lori lisilo na taa za nyuma lilinitokea mbele ghafla, nikalikwepa kwa majaliwa ya Mungu. Toka hapo hadi Limuru, mama, ambaye hadithi zake haziishi, alikuwa akiomba kwa sauti ya chini. Tuliingia Karen saa nne usiku, manyunyu yakidondoka.

Nyinyi mwaujua ukungu huo kuliko mtu yeyote. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, nayo ikipanda nyanda za juu hupoa na kuwa mawingu mazito ya chini. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo wingu ambalo sisi wa Karen tunalitazama juu ya mapaa yetu, wao wamo ndani yake. Hewa ikishavuka ukingo wa Bonde la Ufa na kuteremkia Naivasha hupata joto, mawingu yakatawanyika. Ndiyo maana dereva anayetoka bondeni huanza kupanda akiwa hana wasiwasi wowote.

Utabiri wenu huiweka Nairobi na Limuru katika kanda moja, Nakuru na Kericho katika nyingine. Mkulima, ambaye shamba lake halihami, unamfaa sana. Msafiri huzivuka kanda zote mbili jioni moja. Rubani anayetua Wilson huambiwa ataona umbali wa mita ngapi. Dereva wa matatu mwenye abiria 14, gizani pale Kimende, naye anaihitaji hesabu hiyo.

Ninachoomba ni kidogo: kila siku saa kumi jioni, kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, mtoe taarifa fupi ya Kiswahili kuhusu barabara hii peke yake. Ukungu unatarajiwa wapi, kuanzia saa ngapi, mzito kiasi gani. Redio zitaisoma, na madereva watatumiana kwa simu kabla hawajaondoka Naivasha. Ningekuwa nayo jioni ile, ningemlaza mama Naivasha.

Nakuomba, Mheshimiwa, muianze Juni ijayo.

Wako mwaminifu,
Mkaazi wa Karen