Ushuru wetu usipangwe na wenye mitaji

Machi 2016, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mjini Arusha kwamba mitumba iondoke masokoni ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vya kanda vipate nafasi ya kukua. Rwanda haikungoja. Mwaka huohuo ilipandisha ushuru wa caguwa, yaani mitumba, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Belo la kilo 45 lililokuwa likilipiwa dola 9 mpakani likawa la dola 112.50.

Mwaka mmoja baadaye, Machi 2017, SMART, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani, kiliwasilisha malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa nchi yao. Kilidai kwamba uamuzi wa Arusha ungehatarisha ajira 40,000 huko kwao. Washington ikatishia kuziondoa nchi zetu katika AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma hata kabla shauri halijasikilizwa Julai mwaka huo. Tanzania na Uganda zikafuata mwanzoni mwa 2018. Rwanda ilibaki peke yake, na tarehe 30 Julai 2018 nguo zake zikafungiwa mlango wa AGOA.

Fedha zilizopotea hazikuwa nyingi: mauzo ya nguo yaliyoguswa yalikadiriwa kuwa dola milioni 1.5 kwa mwaka. Hasara kubwa ilikuwa kwingine. Umoja wa forodha uliojengwa tangu 2005 ulivunjwa nguvu na waraka wa chama cha wafanyabiashara ambacho hakuna raia wa Afrika Mashariki aliyekichagua wala anayeweza kukiuliza lolote. Kila mwekezaji aliyekuwa akifikiria kufungua kiwanda cha nguo Kigali, Arusha au Eldoret alijifunza kwamba neno la marais wetu wakiwa pamoja hudumu hadi pale mwenye mtaji atakapokasirika.

Hatusemi kwamba sera ile haikuwa na kasoro. Wachuuzi wa caguwa waliachwa bila riziki kabla mashine za viwanda hazijaweza kuziba pengo, na magendo yalistawi mpakani na Kongo. Mama mwenye watoto wanne alihitaji nguo anazozimudu wakati uleule, naye hakuwa na muda wa kusubiri viwanda. Hayo yalikuwa mambo mazito ya kujadiliwa, na wa kuyajadili walikuwa wananchi wa nchi hizi, wabunge wao na wafanyabiashara wao. Mjadala huo ulikatwa kabla haujaiva.

Tena haikuwa mara ya mwisho. Aprili 2020, wakati Kenya ikijiandaa kwa mazungumzo ya biashara na Marekani, Baraza la Kemia la Marekani, linalowakilisha kampuni kubwa za mafuta na kemikali, liliiandikia serikali yao likitaka mkataba uizuie Kenya kuweka vizuizi vya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na Kenya ikafanya hivyo 2017. Sheria zilizosafisha mitaro yetu ziligeuzwa kuwa kikwazo cha biashara katika barua ya watu wasioiona mitaro hiyo.

Na tusijidanganye kwamba hatari yote inatoka ng'ambo. Februari 2022, Wizara ya Fedha ya Uganda ilitia saini mkataba ulioipa kampuni ya Uganda Vinci Coffee kipaumbele cha kununua kahawa bora ya nchi, pamoja na misamaha ya kodi. Wakulima walipata habari saini ikiwa imeshakauka, na Bunge likalazimika kupendekeza mkataba uvunjwe.

Hapa Gisozi, Kigali, tunaona anayelipa gharama ya usiri kama huo. Katika karakana za Agakiriro, fundi anayeunda vitanda na makabati hununua gundi, bawaba, vanishi na misumari, na bei ya vingi kati ya hivyo hutegemea ushuru wa forodha. Mwagizaji mkubwa wa fanicha zilizokwisha kuundwa ana wakili na ana njia ya kumfikia ofisa wa wizara. Fundi ana randa na deni la SACCO. Ushuru ukibadilika, yeye huambiwa na muuza duka.

Kila katikati ya mwaka Gazeti la Jumuiya huchapisha orodha ndefu ya nchi zilizoruhusiwa kukiuka ushuru wa pamoja na viwanda vilivyopewa nafuu. Orodha haielezi aliyeomba alitoa hoja gani, wala kama yupo aliyepinga. Linganisha na malalamiko ya SMART: yaliwekwa wazi, tarehe ya kusikilizwa ikatangazwa, na serikali zetu zikaitwa kujibu. Wamarekani walijua nani anaisukuma serikali yao na anataka nini. Raia wa Rwanda, Kenya au Tanzania hana pa kuyasoma hayo kuhusu serikali yake.

Kuchelewa kuna bei. Muda wa AGOA uliisha Septemba 2025, na tayari tumeona mwanachama mmoja mmoja akikimbilia meza yake na Washington. Nchi nane zikijadiliana kila moja kivyake, mwenye kiwanda au ghala upande wa pili atachagua ipi aanze kuitisha, kama ilivyokuwa 2017. Na kila mwaka orodha ya nafuu inapochapishwa bila maelezo, kijana aliyesomea ufundi anajua kwamba bidii yake inaweza kufutwa na ombi ambalo hataliona kamwe.

Baraza la Mawaziri la Jumuiya lichapishe kila ombi la nafuu ya ushuru pamoja na hoja zake kabla halijaamuliwa, na litoe siku zisizopungua 30 za kupokea pingamizi, zikiwemo za vyama vya ushirika vya mafundi. Bunge la Afrika Mashariki litunge sheria ya kuwaandikisha wote wanaolipwa kuishawishi serikali, wageni na wenyeji. Na nchi wanachama zitie saini ahadi kwamba hakuna itakayojadiliana peke yake kuhusu jambo lililokwisha kuamuliwa kwa pamoja. Hatua hizi zianze kabla orodha ijayo ya nafuu haijachapishwa.