Kunyamaza si kusema “futa”
KUTOKA MAGAMBA, na Mzee Koti

Jumanne, hapa Lushoto mjini, nimemkuta mama wa Mlalo ameketi juu ya magunia yake ya karoti. Lori la Kariakoo limeshapita Soni, linaitafuta Mombo. Wenzake walipata ujumbe wa kuliwahi, yeye hakupata. Kijana wa kompyuta wa kikundi chao akatazama simu yake, akasema bila haya: “Mama, hukujaza namba ya simu.”

Hakujaza! Msimu mzima uliopita alipigiwa kwa namba hiyohiyo.

Nikamkalisha kijana kitako, akaeleza. Mama alituma badiliko moja tu: magunia, kutoka manne hadi saba. Taarifa ikasafiri kwa JSON bila sehemu ya simu, maana simu haikubadilika. Programu yao ya Scala ikasoma: simu haipo, basi None. Ikaandika upya kwa maktaba ya circe, ambayo usipoiagiza vingine hugeuza None kuwa null. Hifadhidata ikaona null, ikafuta namba. Kila mtambo umetimiza wajibu wake, karoti zinanyauka.

Mimi si fundi, ila hata kondakta wa Mombo anajua kwamba abiria aliyenyamaza hajasema “shusha”. Hali ni tatu: sehemu ina thamani, sehemu imeagizwa ifutwe, sehemu haikutajwa kabisa. Option, chombo cha Scala kinachotoa hiyo None, ina nafasi mbili tu: thamani ipo, au None. Kijana mwenyewe aliitaja dawa: unda aina yenye hali tatu, au weka Option ndani ya Option, kisha uulize kwanza kama jina la sehemu limo kwenye JSON kabla ya kutazama thamani yake. “Kazi ya mchana mmoja,” akasema. Mchana huo ulikwenda wapi?

Tony Hoare, aliyebuni null mwaka 1965, aliijutia hadharani mwaka 2009. Scala, iliyotolewa na Martin Odersky kule Uswisi mwaka 2004, ina Option ili tuepukane nayo. Vijana wetu wanaifukuza mlangoni, wanaiingiza dirishani. Sababu ni moja: programu hujaribiwa na watu wa lami, wanaojaza fomu nzima kila mara.

Kwa mhasibu wa kikundi nina ombi. Mwisho wa mwezi, orodha ya malipo ikija bila kutaja mshahara wa kijana huyu, usipige simu kuuliza. Andika null.